SOMO: MGENI KUTOKA PWANI SI MVIVU
Jinsi mwili unavyozoea nchi ya milima, na kazi ya tawi katika jambo hilo

Ndugu wafanyakazi,

Somo letu la safari hii linahusu jambo ambalo wengi wetu tumeliona kwa macho, lakini ni wachache wanaojua sababu yake. Mtu anatoka Mombasa, Tanga, Pemba au Dar es Salaam. Kwao alikuwa akibeba magunia bandarini au akikata mkonge tangu alfajiri, na hakuna aliyemshinda. Anapata kazi katika shamba la chai juu milimani. Siku ya pili anapanda mteremko na kapu mgongoni, anasimama kila hatua ishirini, anahema, kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio. Jioni kilo zake mizanini ni chache. Nyapara anaandika, na neno analosema ni moja tu: mvivu.

Sisi tunaozunguka matawini tumelisikia neno hilo mara nyingi. Tumelisikia hata vinywani mwa wafanyakazi wenzetu waliozaliwa huko huko juu, na hilo ndilo linalotuuma zaidi. Kwa hiyo tunataka kila mwanachama ajue mambo matatu: hewa ya mlimani ikoje, mwili unafanya nini ili kuizoea, na tawi linaweza kudai nini ili mgeni asifukuzwe kabla mwili wake haujapata nafasi ya kujitengeneza.

HEWA YA JUU IKOJE

Kwanza tuondoe kosa moja. Watu husema kwamba hewa ya milimani haina oksijeni. Si kweli. Pwani na mlimani ni sawasawa: katika kila sehemu 100 za hewa, karibu 21 ni oksijeni. Tofauti haiko katika mchanganyiko, iko katika mgandamizo.

Fikirini magunia ya usufi yaliyopangwa ghalani, moja juu ya jingine mpaka darini. Gunia la chini kabisa limekandamizwa na yote yaliyo juu yake, na usufi wake umeshikana. Gunia la juu halina kitu cha kulikandamiza, na usufi wake umeachana. Ukichota konzi moja katika gunia la chini utapata usufi mwingi. Ukichota konzi ile ile katika gunia la juu utapata kidogo. Hewa ndivyo ilivyo. Mtu wa pwani anaishi katika gunia la chini. Anapopanda milimani, kila pumzi ni konzi ile ile, lakini ndani yake mna hewa kidogo zaidi.

Tuweke hesabu. Tukisema kwamba pumzi moja ya pwani inaingiza oksijeni kiasi cha 100, basi pumzi hiyo hiyo mahali pengine itaingiza hivi:

Kampala, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari: kama 87.

Kericho au Kabale, karibu mita 2,000: kama 79.

Timboroa, mahali reli ya kwenda Uganda inapopita juu kabisa, zaidi ya mita 2,700: kama 72.

Kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895: karibu nusu tu.

Basi mchuma chai aliyefika jana katika shamba la mita 2,000 anapoteza kama sehemu moja katika tano ya oksijeni ya kila pumzi. Akiwa amekaa kitako anaweza asihisi kitu. Lakini akitwishwa kapu na kuambiwa apande, hapo ndipo deni linapodaiwa.

MWILI UNAFANYA NINI

Mwili haukai bure. Unaanza kujitengeneza saa ile ile mtu anapofika, lakini haumalizi siku moja. Kazi yake tunaweza kuigawa katika vipindi vitatu.

Kipindi cha kwanza ni saa na siku za mwanzo. Mtu anapumua haraka zaidi na kwa kina zaidi, na moyo unapiga haraka ili kuizungusha damu. Hii siyo ishara ya udhaifu. Ni mwili unaongeza idadi ya makonzi kwa sababu kila konzi ina usufi kidogo. Katika siku hizi mtu huenda haja ndogo mara nyingi, midomo hukauka, na usingizi huwa wa kukatika katika. Wengine hupata kichwa kidogo na kukosa hamu ya chakula.

Kipindi cha pili ni wiki ya kwanza na ya pili. Figo zinarekebisha damu ili kule kupumua kwa kina kuwezekane bila taabu. Mapigo ya moyo yanaanza kutulia na usingizi unarudi. Mtu anaanza kusema, "Leo najisikia."

Kipindi cha tatu ni cha wiki nyingi. Figo zinapoona oksijeni imepungua, hupeleka ujumbe kwenye uboho, yaani ule mafuta mafuta wa ndani ya mifupa, ambako damu hutengenezwa. Ujumbe wenyewe ni kwamba chembe nyekundu ziongezwe. Chembe hizo ndizo wapagazi wa oksijeni katika damu. Mizigo ikiwa midogo midogo, dawa ni kuongeza wapagazi. Lakini mpagazi mpya hazaliwi kwa siku moja. Inachukua wiki kadhaa, na inataka chakula chenye madini ya chuma.

Tuseme ukweli wote, maana mwalimu anayetia chumvi huumbuka mbele ya mwajiri. Katika mwinuko wa mita 2,000 watu wengi wenye afya njema hawaumwi sana. Nguvu yao ya juu kabisa ya kazi hupungua, tena si kwa nusu. Ni kwa sehemu ndogo tu. Lakini mahali ambapo mshahara unahesabiwa kwa kilo, sehemu hiyo ndogo ndiyo unga wa watoto. Ongezeni baridi, usingizi mbaya, na mikono ambayo bado haijajifunza kuchuma majani mawili na chipukizi. Mtu anaonekana hawezi kazi, kumbe bado hajafika. Miguu imefika, damu bado iko njiani.

MFANO WA MEXICO, 1968

Kama kuna msimamizi asiyeamini, mpeni mfano huu. Mwaka 1968 Michezo ya Olimpiki ilifanyika katika mji wa Mexico, ambao uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Katika mbio za mita 10,000 alikuwapo Ron Clarke wa Australia. Yeye ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia ya mbio hizo, aliyoiweka mwaka 1965, dakika 27 na sekunde 39. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amekimbia mita 10,000 upesi kama yeye. Lakini alikuwa mtu wa Melbourne, mji wa kando ya bahari.

Siku hiyo mshindi alikuwa Naftali Temu wa Kenya, mtu wa nyanda za juu, kwa dakika 29 na sekunde 27. Ni muda mrefu kuliko rekodi ya Clarke kwa karibu dakika mbili, kwa maana hewa ile ilimpunguza kila mtu. Clarke alimaliza wa sita, akaanguka pale pale, na madaktari wakampa oksijeni. Katika michezo hiyo hiyo Kipchoge Keino alishinda mita 1,500 na Amos Biwott akashinda mbio za kuruka viunzi na maji. Wote wawili walikulia katika nchi ya juu.

Sasa tuulize: je, Ron Clarke alikuwa mvivu? Hakuna anayethubutu kusema hivyo. Basi kama bingwa aliyefanya mazoezi maisha yake yote aliangushwa na hewa ile, kwa nini kibarua aliyeshuka kwenye basi juzi aitwe mvivu?

KUJUA LIPI NI LA KAWAIDA NA LIPI NI LA HATARI

Yaliyo ya kawaida katika siku za kwanza ni haya: kuhema haraka wakati wa kazi, kichwa kidogo, kuchoka mapema, usingizi wa kukatika, na kwenda haja ndogo mara nyingi. Haya hupungua siku hadi siku. Yakizidi badala ya kupungua, si ya kusubiri.

Ya hatari ni haya: mtu kukosa pumzi hata akiwa amelala, kifua kukoroma, kukohoa makohozi yenye povu au damu, kuyumba kama mlevi na hali hajanywa, kuchanganyikiwa maneno, au kichwa kikali chenye kutapika. Ugonjwa wa mwinuko wenyewe, ule wa maji kuingia mapafuni au ubongo kuvimba, kwa kawaida hutokea juu ya mita 2,500, na zaidi kwa wanaopanda upesi hadi mita 3,000 na kuendelea. Mashamba mengi ya chai hayafiki huko. Lakini wako wenzetu wanaobeba mizigo ya watalii Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori, na wengine kati yao ni vijana wa pwani waliofuata kibarua. Hao wajue kanuni mbili. Ya kwanza: ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala leo pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila siku tatu au nne pawe na siku ya kupumzika. Ya pili: aliyeonyesha dalili za hatari ateremshwe mara moja, usiku au mchana, na asiachwe ateremke peke yake. Kuteremka ndiyo dawa ya kwanza.

Sasa sikilizeni jambo moja ambalo limewadhuru wengi: homa si mwinuko. Mtu wa pwani akifika juu, akaumwa kichwa na mwili ukawa moto, wenzake husema, "Ni hewa, utazoea." Kumbe mbu aliyemwuma kwao anaweza kumletea malaria wiki moja, mbili au hata zaidi baada ya safari. Mwinuko wa mita 2,000 haumpi mtu homa kali na kutetemeka. Kila mgeni mwenye homa apelekwe zahanati apimwe damu siku hiyo hiyo.

WANAOHITAJI UANGALIZI ZAIDI

Wa kwanza ni wenye ugonjwa wa selimundu. Chembe zao za damu hugeuka umbo zinapokosa oksijeni ya kutosha, zikaziba mishipa midogo, na maumivu yake ni makubwa. Mtu mwenye ugonjwa huu asikubali kazi ya milimani bila kuongea na daktari kwanza. Wako pia wale waliorithi kwa mzazi mmoja tu. Hao huishi wakiwa wazima, na wengine hawajui kama wanayo. Wengi hawapati shida katika nchi ya mita 2,000. Lakini mmoja wao akifanya kazi nzito mahali pa juu kisha akashikwa na maumivu makali ubavu wa kushoto chini ya mbavu, asiambiwe ni kichomi cha kawaida. Huenda ni wengu. Apelekwe hospitali. Selimundu iko kwa wingi katika nchi zenye malaria, na pwani yetu ni mojawapo, ndiyo maana tunaliandika hapa.

Wa pili ni wenye upungufu wa damu. Kama wapagazi walikuwa wachache tangu pwani, kwa sababu ya malaria, safura, uzazi au chakula duni, basi huku juu watapungukiwa zaidi, na mwili hautaweza kutengeneza wapya bila chuma.

Wa tatu ni mama wajawazito. Watoto wanaozaliwa katika nchi za juu sana huwa na uzito mdogo kidogo. Mama mgeni aende kliniki mapema, na asipewe mzigo wa kapu.

Wa nne ni wenye ugonjwa wa moyo, wa kifua, na wavutaji wa sigara. Moshi wa sigara unachukua nafasi za oksijeni ndani ya damu. Mvutaji ni kama mtu aliyepanda mlima mwingine juu ya ule alioko.

BARIDI NA JIKO LA MKAA

Ndugu, sehemu hii someni mara mbili. Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mtu aliyezoea usiku wa nyuzi 23 anajikuta katika usiku wa nyuzi 10 au pungufu, katika nyumba ya kambi, na blanketi moja jembamba. Anafanya jambo ambalo mtu yeyote angefikiria: anaingiza jiko la mkaa chumbani, anafunga mlango na dirisha, analala.

Kwao pwani jiko lilikaa uani, upepo unapita. Hakuna aliyemfundisha. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Inashikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Wapagazi wote wanabebeshwa sumu, na oksijeni haina wa kuibeba. Mtu anapata kichwa na kizunguzungu, anadhani ni mwinuko, analala, haamki. Nchi ya juu, ambako oksijeni ni kidogo tayari, hatari huongezeka.

Kwa hiyo jiko lisilale chumbani, hata likiwa na makaa machache yaliyofifia. Moto uotwe nje au katika jiko lenye dohani. Kama watu wawili au watatu katika chumba kimoja wanaumwa kichwa asubuhi na wakitoka nje wanapata nafuu, hiyo si hewa ya mlima, ni jiko. Na dawa ya kweli ya baridi ni blanketi. Mfanyakazi anayepewa blanketi mbili hana haja ya kuingiza jiko ndani.

MGENI AFANYE NINI

1. Siku mbili tatu za kwanza asijaribu kushindana na wenyeji. Apande polepole, apumzike kabla ya kuchoka kabisa. Siku hadi siku aongeze.

2. Anywe maji na chai ya kutosha hata kama hasikii kiu. Hewa ya juu ni kavu, na pumzi za haraka zinatoa maji mwilini.

3. Pombe aiache wiki ya kwanza, hasa usiku. Inapunguza kupumua wakati wa usingizi, na wakati huo ndio mwili unapokuwa na oksijeni kidogo kuliko mchana.

4. Ale vyakula vya kutengeneza damu: maharage, kunde, mboga za majani, dagaa, nyama ikipatikana. Pamoja nao ale tunda kama chungwa au papai, maana linausaidia mwili kuchukua chuma. Chai nayo asiinywe pamoja na chakula hicho, bali saa moja baadaye, kwa sababu inazuia chuma.

5. Ajue kwamba sufuria nayo inapanda mlima. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini katika mita 2,000 yanachemka kwa nyuzi 93 hivi. Ndiyo maana maharage yanakawia kuiva, wala si kwamba ni mabovu. Yalowekwe tangu usiku na kufunikwa vizuri. Maji ya kunywa yakishaanza kutokota yaachwe yatokote dakika tatu.

6. Avae kofia. Baridi inadanganya, lakini jua la juu huunguza kuliko la pwani kwa sababu hewa ya kulizuia ni kidogo.

7. Akienda likizo kwao akakaa mwezi, ajue kwamba damu nayo imerudi pwani. Atakaporejea aanze tena taratibu siku chache. Hata mwenyeji wa milimani aliyekaa chini muda mrefu atahema akirudi.

KAZI YA TAWI

Mambo ya juu ni ya mtu na mwili wake. Lakini mtu peke yake hawezi kujipumzisha wakati mshahara uko mizanini. Anajua anahitaji kwenda polepole, lakini akienda polepole hapati kilo, asipopata kilo hapati fedha, na akiwa bado katika muda wa majaribio anaondolewa. Hapo ndipo chama kinapoingia.

Wengine wameshatangulia. Chile kuna migodi ya shaba juu sana milimani, na wafanyakazi wengi hupanda kutoka miji ya chini kwa zamu. Mwaka 2012 serikali ya nchi hiyo iliingiza katika kanuni zake za afya kazini masharti ya wanaofanya kazi kuanzia mita 3,000: wapimwe afya na waelezwe hatari za mwinuko. Sisi mashamba yetu mengi yako chini ya hapo, hatudai kuwa sawa nao kwa kila jambo. Tunachochukua kwao ni kanuni yenyewe: mwinuko ni jambo la afya kazini, si tabia ya mtu.

Tena upo Mkataba namba 110 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unaohusu mashamba makubwa. Unataka wafanyakazi walioajiriwa kutoka mbali wapimwe na daktari, na hatua zichukuliwe za kuwazoesha hali mpya. Hata pale ambapo serikali haijautia saini, ni hoja nzuri ya kuweka mezani.

Tunapendekeza kila tawi lenye wageni kutoka nchi ya chini lipeleke madai haya katika mazungumzo ya mkataba wa pamoja:

Kwanza, siku 14 za mwanzo mgeni alipwe kwa siku, si kwa kilo. Tumesema siku 14 kwa sababu ndizo kupumua na moyo huchukua hadi kutulia. Kama baada ya hapo bado anahema vibaya, apelekwe zahanati kupimwa damu, si ofisini kuandikiwa barua.

Pili, siku hizo zisihesabiwe katika kupima kama anafaa kazi.

Tatu, kupimwa afya kufanyike kabla ya safari, kwa gharama ya mwajiri, pamoja na wingi wa damu na selimundu, na majibu yawe siri ya mfanyakazi na daktari. Tuangalie sana hapo: kipimo kisiwe mlango wa kuwabagua watu.

Nne, blanketi mbili, koti la mvua na buti siku ya kufika, si mwisho wa mwezi.

Tano, nyumba yenye dirisha linalofunguka, na jiko la kupikia lililo mbali na chumba cha kulala.

Sita, gari la kupeleka mgonjwa hospitali mchana na usiku.

Mwajiri atasema ni gharama. Jibuni kwa hesabu. Mtu akifukuzwa siku ya kumi, nauli imepotea, siku za kumfundisha zimepotea, na mwingine ataletwa kutoka pwani ile ile, aheme vile vile. Kumvumilia wa kwanza siku 14 ni rahisi kuliko kuajiri watatu.

Na kuna dai moja lisilohitaji saini ya mwajiri. Linatuhusu sisi wenyewe. Wenyeji wa milimani wawe walimu. Mgeni apangiwe mstari ulio karibu na mizani wiki ya kwanza, apate mwenzake wa kumwonyesha, aulizwe kila asubuhi amelalaje, na aambiwe habari ya jiko usiku ule ule anaofika. Mwajiri hufurahi akisikia wafanyakazi wanaitana wavivu, kwa sababu siku ya madai hawatasimama pamoja. Mgeni unayemcheka leo ndiye utakayemwomba kura ya mgomo kesho.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Shamba au kiwanda chetu kiko mita ngapi juu ya usawa wa bahari? Nani anaweza kutuulizia?

2. Mwaka uliopita waliajiriwa wangapi kutoka nchi ya chini, na wangapi waliondoka au kuondolewa kabla ya mwezi kwisha? Sababu iliyoandikwa ilikuwa nini?

3. Zahanati yetu inaweza kupima malaria na wingi wa damu? Kama haiwezi, ya karibu iko wapi?

4. Vyumba vingapi vya kambi havina dirisha linalofunguka? Katibu avihesabu na kuleta orodha.

5. Katika yale madai sita, lipi tunaweza kulipata mwezi huu, na lipi linangoja mkataba mpya?

Majibu yaandikwe katika daftari la tawi, na nakala ipelekwe kwa kamati kabla ya mazungumzo ya mkataba. Asiyejua kusoma asomewe somo hili lote, kwa sauti, tangu mwanzo hadi mwisho, na sehemu ya jiko la mkaa isomwe mara mbili.

Umoja ni nguvu.